Kichujio chako hakina kosa, kinaletewa habari zilizochelewa

*"Shikamoo Mhandisi. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa elektroniki. Mradi wangu wa kumalizia chuo ni hedifoni za kupunguza kelele kwa vijana wanaosaga nafaka kwenye mashine ya baba. Nimechukua kinga za masikio za vikombe, nikaweka spika ndani, maiki moja nje na nyingine ndani karibu na sikio. Kichujio ni LMS (kanuni inayojirekebisha yenyewe kwa kufuata kosa lililobaki) chenye vizidishi 64, yaani namba 64 zinazozidishwa na sauti inayoingia, sampuli 48,000 kwa sekunde, nachakata sampuli 64 kwa mkupuo. Kwenye kompyuta, kwa lugha ya Python, nikitumia sauti niliyorekodi mashineni, kelele inashuka kwa desibeli 30. Kwenye bodi, sekunde mbili tatu hakuna kitu, halafu unapiga mluzi mkali. Nikipunguza hatua ya kujifunza, mluzi unachelewa lakini haukosi. Vizidishi 512 havijasaidia. Mwenzangu anasema prosesa yangu ni dhaifu, ninunue nyingine. Je, ninunue? Na mfumo ukikamilika, vijana wataacha kusikia hata watu wanaopiga soga pale nje? Nyongeza: sikio langu la kushoto linavuma tangu juzi, nadhani ni ule mluzi."*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo nyongeza yako, maana ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote. Sikio linalovuma siku mbili baada ya kupigwa na mluzi wa karibu halingojei mradi uishe. Kesho asubuhi nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, mweleze kilichotokea, na uombe kipimo cha usikivu kwa masikio yote mawili. Usikivu ukiwa umeshuka ghafla upande mmoja, matibabu hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache. Usitie mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala matone uliyopewa na jirani.

Na kuanzia leo, mtu yeyote asivae hedifoni hizo wakati kichujio kinajifunza. Tengeneza sikio la bandia: kipande cha ubao chenye tundu, maiki ndogo ndani ya tundu, na juu yake mpira laini ili mto wa kikombe ukae bila kuvuja. Kwenye programu weka kikomo cha sauti inayotoka: ikivuka kiwango ulichopanga, spika inanyamaza na vizidishi vyote vinarudi sifuri. Nasema haya kwa sababu nilipokuwa kijana kazini nilivaa hedifoni za majaribio "mara moja tu", nikasikia mbu sikioni kwa siku nne. Hakuna aliyenilazimisha, ni haraka zangu.

Sasa tuje kwenye mluzi. Unavyoliona wewe, kichujio hakina nguvu ya kutosha, ndiyo maana umekiongezea vizidishi na sasa unafikiria kukinunulia prosesa. Usinunue. Piga hesabu: kila sampuli inahitaji kuzidisha mara 64 kutoa jibu, na mara 64 nyingine kurekebisha vizidishi. Hizo ni 128, mara sampuli 48,000, unapata kuzidisha milioni 6 na kidogo kwa sekunde. Ukipanda hadi vizidishi 512, inakuwa kama milioni 49. Prosesa ndogo za siku hizi zinazokwenda megahezi mia kadhaa zinaifanya kazi hiyo huku zimekaa tu. Kasi unayo. Shida yako ni ucheleweshaji.

Chukulia daladala. Dereva anaweza kuwa na injini mpya kabisa, lakini kama konda amesema gari haliondoki mpaka lijae, abiria wa kwanza aliyeingia atakaa pale pale akitazama wauza karanga. Bafa yako (ghala la muda la sampuli) ya sampuli 64 ndiyo daladala hiyo. Sampuli ya kwanza inasubiri wenzake 63 waingie, halafu kundi zima linachakatwa wakati kundi jingine linajaa, ndipo linatoka. Kuingia na kutoka, umepoteza sampuli 128. Ongeza kodeki, ambayo ina vichujio vyake vya ndani vya kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Tuseme sampuli 30 kwenda na kurudi (angalia karatasi ya maelezo ya kodeki yako, namba halisi imeandikwa). Jumla 158. Gawa kwa 48,000: milisekunde 3.3. Injini mpya haibadilishi hata moja ya hizo namba.

Milisekunde 3.3 zinasikika kama kitu kidogo, lakini hapa ndipo mluzi unapozaliwa, na naomba tukae hapa kidogo.

Umewahi kumwona utingo akielekeza lori kurudi nyuma kwenye uchochoro? Anapiga bodi kwa kiganja, anapaza sauti, "Kata kulia! Kata! Rudisha!" Dereva hamwoni, anamsikia tu. LMS ndiye utingo huyo. Kwa kila sampuli anaangalia kosa lililobaki kwenye maiki ya ndani, analilinganisha na kilichosikika kwenye maiki ya nje, kisha anasukuma kila kizidishi kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa. Kanuni yenyewe ni mstari mmoja: kizidishi kipya ni kile cha zamani, toa hatua ya kujifunza mara kosa mara sauti ya nje. Katika mstari huo kuna dhana ambayo haijaandikwa popote: kwamba amri ikitoka, gari linageuka papo hapo. Yaani kinachotoka kwenye kichujio ndicho kinachofika sikioni, bila kuchelewa na bila kubadilika.

Kwako si hivyo. Kinachotoka kinapita kwenye bafa, kodeki, kikuza sauti, spika, hewa iliyo ndani ya kikombe, maiki ya ndani, halafu kodeki tena. Msururu huo wote, kutoka kichujio hadi maiki ya ndani, ndio wahandisi wa fani hii wanaouita njia ya pili. Sasa fikiria dereva anayesikia kila amri ikiwa imechelewa. Gari likienda polepole sana kwenye kona pana, bado wataelewana. Lakini kona zikiwa za haraka, amri ya "kulia" itamfikia wakati tayari anatakiwa kukata kushoto. Hapo utingo anaongoza gari ukutani kwa nia njema kabisa, na kadiri linavyosogea ukutani ndivyo anavyopaza sauti.

Tuweke namba. Milisekunde 3.3 ni robo ya mzunguko wa wimbi la hezi 76. Robo ya mzunguko ni nyuzi 90 za awamu (mafundi umeme husema fezi). Chini ya hapo kosa na marekebisho bado vinaelekea upande mmoja. Ukivuka nyuzi 90, ishara inageuka: kila hatua ya kupunguza kelele inakuwa hatua ya kuiongeza, na inabaki hivyo mpaka nyuzi 270, yaani mpaka hezi 227 hivi. Kisha inanyooka, kisha inageuka tena. Ukiendelea kupanda utakuta nusu ya masafa yote yanasukumwa kuelekea kimya na nusu kuelekea kelele. Kati ya hayo ya upande mbaya, lile ambalo spika yako inalitoa kwa nguvu kuliko mengine ndilo linalokimbia mbele ya wenzake. Huo ndio mluzi wako.

Ndiyo maana kupunguza hatua ya kujifunza kumekusaidia kuchelewesha tu. Hatua ndogo ni kutembea polepole, na wewe unatembea kuelekea shimoni. Na vizidishi 512 ni miguu mingi zaidi kwenye safari hiyo hiyo.

Kabla hujaniamini, jithibitishie. Acha kichujio kijifunze kwa sekunde moja, kisha gandisha vizidishi vilivyo, hatua iwe sifuri. Mluzi usipokuja tena, mkosaji ni kujifunza, kama nilivyoeleza. Ukija hata vizidishi vikiwa vimegandishwa, basi una tatizo la pili: sauti ya spika inavuja kutoka ndani ya kikombe mpaka maiki ya nje, inarudi kwenye kichujio, inazunguka kama maiki ya msikitini iliyowekwa mbele ya spika. Hilo dawa yake ni kuziba, kusogeza maiki ya nje mbali na matundu ya kikombe, na kupunguza ukuzaji. Algoriti haihusiki.

Labda unajiuliza kwa nini Python ilikupa desibeli 30. Kwa sababu kwenye kompyuta hukuwa na njia ya pili kabisa. Ulichukua kichujio, ukatoa jibu lake moja kwa moja kwenye kelele, kwa hesabu, bila spika wala hewa. Tena inaelekea kelele ya "ndani" uliitengeneza kutokana na rekodi ile ile ya "nje", kwa hiyo zilijuana kwa asilimia mia. Mashineni haziko hivyo. Maiki ya nje ikieleza asilimia 90 ya nguvu ya kelele inayofika ndani, kichujio kamilifu kuliko vyote hakivuki desibeli 10. Ikieleza asilimia 99, desibeli 20. Desibeli 30 zinataka asilimia 99.9, na pale mashineni upepo ukipuliza maiki au mkono ukigusa kikombe, asilimia hizo zinaporomoka. Pima jambo hili mapema kabla ya kuahidi namba yoyote kwenye ripoti yako.

Usijione mjinga kwa kukwama hapa. Wazo la kuua sauti kwa sauti ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza yake mwaka 1933, na Marekani ikampa ya kwao mwaka 1936. Kanuni ya LMS yenyewe ilizaliwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi ya Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waliobuni mikroprosesa ya kwanza ya Intel. Lakini ile tiba ya njia ya pili haikuandikwa vizuri mpaka 1980 na 1981. Miaka ishirini hivi, watu wenye akili nyingi.

Tiba ni hii: mpe utingo habari sahihi. Kama amri inachukua muda kufika, basi na yeye alinganishe kosa la sasa na sauti ya nje iliyocheleweshwa na kubadilishwa vile vile. Yaani kabla ya kuitumia sauti ya maiki ya nje kwenye mstari wa kurekebisha, ipitishe kwanza kwenye mfano wa njia ya pili. Kichujio kinachotoa sauti hakiguswi, ni mstari wa kujifunza tu unaobadilika. Ndiyo inayoitwa FxLMS. Uzuri wake ni kwamba mfano huo hauhitaji kuwa kamili. Ukienda polepole, inatosha awamu yake isikosee zaidi ya nyuzi 90 kwenye masafa yenye kelele. Ukikosea kwa nyuzi 40 bado utafika, ila utafika umechoka.

Mfano huo utaupata vipi? Kwa LMS hiyo hiyo uliyoiandika, safari hii ikiwa mahali pake. Weka kikombe juu ya sikio la bandia, chumba kimya, mashine imezimwa. Tuma kelele nyeupe (yenye masafa yote kwa nguvu sawa) ya wastani kwenye spika kwa sekunde kumi, sikiliza kwenye maiki ya ndani, na iache LMS itafute vizidishi vinavyogeuza kilichotumwa kuwa kilichosikika. Chora vizidishi hivyo. Utaona mstari bapa wa sifuri mwanzoni, kisha kilele, kisha mkia unaotikisika na kufa. Ule ubapa wa mwanzo ndio ucheleweshaji wako, umeandikwa kwa sampuli, huna haja ya kuukisia. Kwa mpango ulio nao sasa kilele kitakuwa mahali kwenye 158 au zaidi kidogo, maana yake vizidishi 64 haviwezi hata kukiona. Vikiwa 256 vitatosha. Na kama uliunganisha nyaya za spika kinyume, kilele kitaelekea chini, na FxLMS itajirekebisha yenyewe bila wewe kushika chuma cha kuchomelea.

Kisha rudia kipimo hicho, na hapa usiwe mvivu. Pima kikombe kikiwa kimebana vizuri. Pima kikiwa kimelegea. Pima kukiwa na miwani. Pima kukiwa na kitambaa chini ya mto, kwa sababu vijana wa mashineni hujifunga kitambaa au huvaa kofia ya sweta kuzuia vumbi la unga, na akina mama watakuwa na khanga. Mwanya mdogo wa kitambaa unamwaga sauti nzito nje kama ndoo iliyotoboka: kwenye masafa ya chini spika yako itapoteza desibeli nyingi na awamu itahama. Tengeneza mfano mmoja kutokana na wastani wa vipimo hivyo, halafu angalia kwamba hakuna hata kimoja kinachoachana nao kwa nyuzi 90 chini ya hezi 500. Halafu kuna unga wenyewe. Unaganda kwenye tundu la maiki ukichanganyika na jasho, na wiki ya pili maiki inasikia kama imefunikwa blanketi. Weka kipande cha sponji jembamba mbele ya maiki ya nje, kinachobadilishwa kama chujio la pikipiki.

Mambo mawili madogo kwenye programu. Gawa hatua ya kujifunza kwa nguvu ya sauti iliyopita kwenye mfano, ili mashine ikipiga kelele zaidi kichujio kisirukeruke. Pia vizidishi vivuje kidogo: kila sampuli vizidishe kwa 0.99999 kabla ya kuvirekebisha. Hiyo inavirudisha taratibu kuelekea sifuri, kwa muda wa sekunde mbili hivi, kwa hiyo hata kosa dogo likijirundika halifiki mbali. Angalizo: kama unatumia namba za biti 16, hatua ndogo kabisa unayoweza kuandika ni kama 0.00003, na 0.99999 yako haiwezi kuandikwa humo. Tumia namba za biti 32.

Ukifanya haya mluzi utakwisha. Lakini kuacha kupiga mluzi na kupunguza kelele ni vitu viwili, na ucheleweshaji una deni la pili ambalo FxLMS hailipi.

Kutoka maiki ya nje mpaka sikioni kuna kama sentimita 3. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo una mikrosekunde 87 za kusikia, kuhesabu na kujibu kabla kelele haijaingia. Wewe unachukua 3,300. Tena hizo 87 ni kelele ikitokea upande wa maiki. Ikitokea upande wa pili wa kichwa, unakuwa na muda mfupi zaidi au huna kabisa. Chukua jibu kamilifu kwa kila kitu ila limechelewa mikrosekunde 100. Kwenye hezi 100 kuchelewa huko ni nyuzi 3.6 tu, na kelele inashuka kwa desibeli 24. Kwenye hezi 500 ni nyuzi 18, desibeli 10. Kwenye hezi 1,000 ni nyuzi 36, desibeli 4. Kwenye hezi 1,670 hivi unafika nyuzi 60 na hupati chochote. Ukipanda zaidi unaongeza kelele. Ndiyo maana hata hedifoni za bei mbaya zina nguvu kwenye mngurumo tu, na sauti za juu zinaachiwa mto na plastiki. Nyingi kati yake hata hazijifunzi muda wote: zina vichujio vilivyopangwa kiwandani, na kinachojirekebisha ni sehemu ndogo. Usione aibu kufanya hivyo.

Kwa hiyo jibu la soga ni hapana, na ushukuru. Maneno ya watu hayatabiriki na yako juu ya pale unapoweza kufika. Kijana anayesaga anatakiwa kumsikia mtu anayepiga kelele "Zima mashine!"

Una mbinu mbili. Ya kwanza ni kupunguza ucheleweshaji kwa nguvu: bafa iwe sampuli moja moja, kodeki ipandishwe hadi sampuli 192,000 kwa sekunde kama inaweza (sampuli zake 30 zinakuwa mikrosekunde 156 badala ya 625), au utafute kodeki zilizotengenezwa kwa kazi hii, ambazo huchelewa makumi machache tu ya mikrosekunde au chini yake. Bafa ibadilishe leo hii, ni bure. Mengine yanataka fedha, na sioni kama mradi wa mwaka wa nne unayahitaji.

Mbinu ya pili ndiyo ningeichukua mimi. Mngurumo wa mashine ya kusaga unajirudia, na kinachojirudia kinaweza kutabiriwa, hata ukichelewa. Ukikosa mzunguko huu, utaudaka unaofuata. Mota ya mizunguko 2,900 kwa dakika iliyofungwa moja kwa moja kwenye mhimili inazunguka mara 48 na ushee kwa sekunde. Mashine yenye safu nne za nyundo itanguruma karibu na hezi 193, pamoja na mara mbili na mara tatu yake. (Linganisha na hesabu ya mwanzo: hezi 193 kwenye milisekunde 3.3 ni nyuzi 230. Sauti uliyotaka kuiua iko katikati ya eneo la hatari.) Gundisha sumaku kwenye mhimili, weka kihisi cha sumaku mbele yake, na kila mzunguko utapata mpigo mmoja. Kutokana na mpigo huo tengeneza wimbi la sine na la kosine kwa kila mngurumo, kila wimbi na kizidishi chake. Mingurumo mitatu, vizidishi sita. Badala ya mfano mzima wa njia ya pili unahitaji kujua ukubwa na awamu yake kwenye masafa matatu tu. Na kwa kuwa marejeo yanatoka kwenye sumaku badala ya maiki, spika haiwezi kuvujia humo: ule mzunguko wa maiki ya msikitini umekufa.

Bado kichujio kinahitaji kujirekebisha, kwa sababu mahindi yakimwagwa kwa wingi mota inalemewa na mngurumo unashuka kidogo, kisha unapanda. Mpigo wa sumaku unafuata papo hapo. Ukiwahi kupanda ndege ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania umekaa ndani ya mpango wa ukoo huu. Q ile ni ya neno la Kiingereza "quiet", yaani utulivu: ndege za Dash 8 zilizotoka kiwandani tangu 1996 zina maiki ndani ya kabini na vifaa vinavyotikisa kiunzi cha ndege kupingana na mngurumo wa mapanga. Mapanga sita, mizunguko 850 kwa dakika ikiwa angani, hezi 85. Masafa yanajulikana kabla sauti haijafika.

Hasara yake ni waya au redio kati ya mashine na hedifoni, na kwamba nyundo zinazopasua punje hutoa kelele isiyojirudia, ambayo hutaigusa. Hilo la pili uliandike waziwazi kwenye ripoti, kwa sababu linahusu masikio ya watu. Kelele inayoumiza usikivu mashineni zaidi iko juu, kwenye maelfu ya hezi, na vipimo vya kazini vyenyewe hupunguza uzito wa sauti za hezi 200 kwa karibu desibeli 11. Ukishusha mngurumo kwa desibeli 15, kijana hatachoka sana na atakushukuru, lakini kipimo cha hatari kinaweza kisisogee hata desibeli 2. Kinachomlinda ni kikombe chenyewe, kikiwa kimebana. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: kwenye 97 imebaki nusu saa. Usitoboe kikombe ovyo kupitisha nyaya. Kila tundu lizibe kwa silikoni, kisha pima kikombe kikiwa kimezimwa ulinganishe na kile ambacho hukukitoboa. Kama chako kimepungua, umewapa vijana kinga mbovu kuliko waliyokuwa nayo.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana: kabla ya kumvalisha mtu yeyote, omba maabara ya chuo ikuazime maiki iliyosawazishwa, mpime kiwango cha juu kabisa ambacho spika yako inaweza kutoa ndani ya kikombe mambo yakiharibika. Na kelele ya mashine ya baba yako naomba ipimwe na watu wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kipimo cha simu kinakupa picha tu.

Ukishapima njia ya pili kwa bafa ya sampuli moja, angalia kilele kimesimama kwenye sampuli ya ngapi. Kikiwa juu ya 40, kuna bafa nyingine imejificha, mara nyingi kwenye dereva ya kodeki. Itafute hiyo kabla ya kugusa algoriti. Lakini hilo ni la kesho mchana. Asubuhi uko hospitali.